Konokono na Habari za Misitu ya Kale

Baada ya mvua kubwa, mtoto wa Kibera au Kawangware huweza kumwona konokono akitambaa ukutani, akamtupa mbali asimfikirie tena. Lakini alikuwako mjini Nairobi mtaalamu mmoja aliyetambua ya kuwa mnyama huyo mnyonge huhifadhi habari za nchi.

Mtaalamu huyo ni Bwana Bernard Verdcourt, aliyezaliwa Luton, Uingereza, mwaka 1925. Alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1949. Kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa karibu na Makumbusho ya Coryndon, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa. Konokono aliwachunguza pamoja na kazi hiyo. Mwaka 1954 alitoa maelezo ya kauri za pwani ya Kenya, Tanganyika, Unguja na Pemba. Na konokono wa nchi kavu pia aliwaandikia mengi.

Konokono ana faida gani kwa elimu? Hawezi kwenda mbali, na wengi wao hawastahimili ukavu. Kwa hiyo kila aina hukaa mahali panapoifaa. Wapo wa msituni, na wapo wa mbugani. Majani huoza upesi, lakini gamba likifunikwa na udongo ufaao huweza kudumu, hata likageuka jiwe. Magamba ya namna hiyo yalichimbuliwa katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria. Mwaka 1963 Bwana Verdcourt aliyaeleza, na miongoni mwake zilikuwamo aina za msituni. Hivyo ilijulikana ya kuwa palikuwa na msitu katika nchi hiyo zamani za sokwe wa kale, yapata miaka milioni 18 iliyopita.

Jambo hili lawahusu wakazi wa Kibera pia. Jina hilo latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Leo mahali pa miti pamejaa nyumba na njia. Miti ikiondoka, konokono wake hutoweka nayo, na wasipoandikwa mapema hakuna atakayejua kwamba walikuwako.

Anayetaka kusaidia elimu hii na aokote magamba matupu tu, aandike karatasini mahali, tarehe na miti iliyo karibu, kisha anawe mikono. Gamba lisilo na maandishi hayo halimfai mtaalamu.

Bwana Verdcourt alihamia Kew, Uingereza, mwaka 1964, akafariki mwaka 2011. Maandishi yake bado yanasomwa.