Kumwondoa mdaiwa mmoja katika shauri la madai (Sehemu ya Nne)

Katika sehemu iliyopita tuliona kwamba Amri ya I, Kanuni ya 3 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, humruhusu mdai kuwaunganisha katika shauri moja watu wote anaodai kuwa wamemkosea katika tukio moja au mfululizo mmoja wa matukio, mradi liwepo swali la sheria au la ukweli linalowagusa wote. Ruhusa hiyo ni pana, na wapo wadai wanaoitumia kama kokoro: kila aliyekuwa karibu ananaswa. Leo tutazame jinsi mahakama inavyomtoa aliyenaswa pasipo sababu, na kwa nini kutolewa huko si ushindi.

Tuchukue mfano. Ndugu wawili wamerithi kiwanja, mmoja akakiuza bila ridhaa ya mwenzake. Aliyedhulumiwa anawashitaki wanne: ndugu yake, mnunuzi, dalali aliyewakutanisha, na jirani aliyetia saini kama shahidi wa mauziano. Anaomba mauziano yatamkwe kuwa batili na kiwanja kirudi. Jirani hadaiwi fedha, hakai kwenye kiwanja, wala hatuhumiwi kwa hila yoyote. Anafanyaje?

Jibu lake liko katika Kanuni ya 10(2) ya Amri hiyohiyo. Katika hatua yoyote ya shauri, kwa maombi ya upande wowote au bila kuombwa na yeyote, mahakama inaweza kuamuru jina la mtu aliyeunganishwa isivyostahili lifutwe, na jina la aliyestahili kuwapo liongezwe, kwa masharti itakayoona ni ya haki. Msomaji wa Kenya atakuta maneno yanayokaribiana sana na hayo katika Amri ya 1, Kanuni ya 10(2) ya Kanuni za mwaka 2010. Si ajabu, kwa kuwa chimbuko ni moja: Sheria ya India ya mwaka 1908, iliyotumika Tanganyika hadi tulipotunga ya kwetu mwaka 1966.

Ingawa kanuni inasema “katika hatua yoyote”, mdaiwa asikae akingoja. Kanuni ya 13 inataka pingamizi la namna hii litolewe mapema iwezekanavyo, na kwa kawaida kabla mahakama haijapanga hoja zinazobishaniwa. Aliyenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhia.

Njia za kutoka ni tatu. Ya kwanza ni mdai mwenyewe kuondoa madai yake dhidi ya mdaiwa huyo, chini ya Amri ya XXIII, Kanuni ya 1. Hapa mdai awe mwangalifu: akiondoa bila ruhusa ya mahakama ya kufungua upya, hawezi kumshitaki tena mtu yuleyule kwa jambo lilelile, na anaweza kuamriwa kumlipa gharama. Ya pili ni mdaiwa kupeleka maombi yanayoungwa mkono na hati ya kiapo. Ya tatu ni pingamizi la awali kwamba hati ya madai, hata ikichukuliwa kuwa kweli tupu, haionyeshi kosa lolote alilotenda mdaiwa huyo.

Njia hii ya tatu ndiyo inayokwamisha wengi. Tangu Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la Mukisa Biscuit mwaka 1969, pingamizi la awali ni hoja ya sheria peke yake. Likihitaji ushahidi, linakufa. Jirani akisema, “Hati ya madai haidai kwamba nimekosa lolote,” hiyo ni hoja ya sheria. Akisema, “Saini ile si yangu,” huo ni utetezi, nao unangoja mashahidi.

Je, mahakama inapima nini? Mahakama ya Rufani imeweka vipimo viwili vya kumtambua mdaiwa wa lazima: kwanza, mdai awe na haki ya kudai nafuu dhidi yake katika jambo linalobishaniwa, pili, mahakama isiweze kutoa tuzo inayotekelezeka bila yeye kuwapo. Jirani anashindwa vyote viwili, hivyo anaondoka, na akihitajika ataitwa kama shahidi. Dalali anategemea: kama anatuhumiwa kushiriki hila, anabaki, kama alipokea ujira wake tu, anaondoka.

Mnunuzi naye akiomba kutoka kwa kuwa alinunua kwa nia njema? Hapana. Uamuzi ulioripotiwa mwaka 1983 ulikwisha kusema kwamba mtu anayedai ardhi iliyouzwa amuunganishe mnunuzi pamoja na muuzaji. Sababu yake ni nzito: tuzo haimfungi mtu ambaye hakuwa sehemu ya shauri. Mdai akikubali mnunuzi atolewe, atashinda dhidi ya ndugu yake, kisha siku ya kukazia hukumu amkute kwenye kiwanja mtu ambaye hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Ni kweli Kanuni ya 9 inasema shauri halifi kwa sababu wadaawa wamezidi au wamepungua, lakini haiwi kinga pale aliyekosekana ni mdaiwa wa lazima.

Yuko pia mdaiwa ambaye sheria imekwisha kumtaja kuwa ni wa lazima. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, anayeishitaki halmashauri, wakala wa serikali au shirika la umma sharti amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, baada ya notisi ya siku 90. Asipokuwapo, mwenendo mzima ni batili, hata kama wadaawa wote wameridhia.

Jina likifutwa, hati ya madai hurekebishwa na aliyetolewa anaweza kudai gharama zake. Shauri huendelea dhidi ya waliobaki. Lakini amri hiyo haisemi kwamba aliyetoka hana hatia. Inasema tu kwamba shauri hili linaweza kuamuliwa bila yeye. Ushahidi ukija kumgusa, mahakama inaweza kumrudisha chini ya kanuni ileile, ingawa mdai anaweza kukuta muda umemtupa mkono: miaka 3 kwa madhara, 6 kwa mkataba, 12 kwa ardhi. Na mdaiwa aliyenyimwa kutoka hawezi kukimbilia rufaa. Tangu marekebisho ya mwaka 2002, uamuzi mdogo usiomaliza shauri haukatiwi rufaa. Atajitetea hadi hukumu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina la nne au la tano kwenye hati ya madai, mdai ajiulize anataka tuzo imwamuru nini mtu huyo. Akikosa jibu, huyo ni shahidi, si mdaiwa.

Sehemu ya Tano itahusu mtu asiyeshitakiwa anayeomba mwenyewe kuingia kwenye shauri.