Vidonge vya Usingizi Karibu Vinilishe Yamini

Msomaji mwenzangu, hili nitakalokusimulia niliona haya kulisema hata barazani, sembuse kuliandika gazetini. Lakini nimeona vijana wetu wengi wanaifuata njia ile ile niliyoipita mimi, nami si vizuri kunyamaza.

Mwezi wa Shaaban, mwaka 2016, nilikuwa nikiandika hesabu za duka moja la nguo hapa Mombasa. Ramadhani ilikuwa ikibisha hodi, nyuma yake Idi, na kazi haikuisha mchana. Basi nikawa nakesha kwa mirungi hadi karibu na alfajiri. Nikirudi nyumbani Kibokoni mwili umechoka, lakini macho makavu na usingizi hauji. Rafiki mmoja akanipa ufumbuzi: vidonge vya jamii ya Valium, vinavyouzwa kichinichini bila ya cheti cha daktari. Mirungi ya kukeshea, kidonge cha kulalia. Nikaona nimepata dawa, kumbe najichimbia shimo.

Usiku mmoja wa mapumziko nilimeza viwili baada ya Isha. Haukupita muda, shangazi yangu akaja kuniaga, kwani kesho yake alikuwa akisafiri kwenda Umra. Akanikabidhi bangili zake sita za dhahabu nimwekee. Nilizipokea, tukazungumza, nikacheka naye, hata nikamsindikiza mlangoni. Haya yote nimeyajua baadaye kwa kuambiwa. Asubuhi yake hakuna hata moja lililobaki kichwani mwangu.

Aliporudi, Ramadhani imeingia, alikuja akaketi, akasema, "Mwanangu, nipe zile bangili."

"Bangili zipi, shangazi?"

Alidhani nafanya mzaha. Alipoona nimekaza uso, akaanza kulia. Nami nikaudhika kwa kuona nasingiziwa, nikasema niko tayari kushika Msahafu kwamba sikupewa kitu. Aliyeniokoa ni mke wangu. Alikumbuka kwamba usiku ule, akiwa jikoni, alisikia nikifungua sanduku la nguo. Akaenda kupekua, na bangili zikatoka ndani ya kanzu yangu ya Idi, zimefungwa katika leso ya shangazi. Nilibaki nimeduwaa. Karibu nile yamini ya uongo, na moyoni nikijiona mkweli!

Nilikwenda kwa daktari. Akanieleza kwamba ubongo una kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kutuliza. Vidonge hivi huiongezea nguvu, na pahali panapoathirika ni pamoja na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya. Ndiyo maana Sura nilizohifadhi chuoni utotoni zilikuwepo zote, bali ya jana hayapo. Si kwamba nilisahau. Hayakuandikwa kabisa, kama karani aliyeshika kalamu isiyo na wino. Na mtu katika hali hiyo aweza kutembea na kuzungumza, wenzake wasishuku kitu. Tena Valium, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1963, haitoki mwilini upesi. Baada ya siku nzima, pengine hata mbili, nusu yake yaweza kuwa ingalimo. Kwa hiyo kidonge cha leo hukikuta cha jana.

Na kukesha nako kuna balaa yake. Mwaka 1964, huko San Diego, Marekani, kijana wa miaka 17, Randy Gardner, alikaa macho saa 264, yaani siku 11. Mwishoni aliambiwa atoe saba katika mia, kisha aendelee kutoa saba saba. Alipofika 65 alinyamaza. Alikuwa amesahau anafanya nini. Na mwaka 1997 wataalamu wa Australia walitangaza kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu yake. Hebu fikiri! Mimi ambaye maishani sijaonja tone la tembo, nilikuwa nikiandika hesabu za watu katika hali ya mlevi.

Imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha anayesinzia ndani ya Sala alale kwanza, asije akajiapiza badala ya kuomba msamaha. Ikiwa Sala yenyewe yataka akili iliyo macho, itakuwaje amana za watu, usukani wa matatu, au mwanafunzi anayekesha na mirungi akidhani anahifadhi?

Nawasihi wasomaji: vidonge hivi ni dawa, na vina wagonjwa wake wanaovipata kwa cheti. Lakini aliyevizoea kwa muda mrefu asiviache ghafula, maana yaweza kumletea degedege. Na amwendee daktari ampunguzie kidogo kidogo, kama nilivyofanyiwa mimi. Mirungi niliitupa, na usingizi ulirudi wenyewe, pole pole.

Shangazi alinisamehe, na mapenzi yetu ni yale yale. Lakini siku hizi akisafiri, bangili zake humwekesha mke wangu.