Nafasi Kati ya Aya Haitengenezwi kwa Enter

Microsoft Word 2007 ilipoingia maofisini, watu wengi walishangaa kuona barua zao zimetanuka. Katika toleo la 2003 aya zilifuatana bila nafasi yoyote ya ziada, kwa fonti ya Times New Roman ya pointi 12. Toleo jipya lilikuja na Calibri ya pointi 11, mistari iliyoachana kwa kipimo cha 1.15, na pointi 10 za nafasi chini ya kila aya. Mchapaji aliyezoea kubonyeza Enter mara mbili kila amalizapo aya akajikuta na mapengo makubwa kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Wengi walitafuta namna ya kuiondoa nafasi ile mpya ili waendelee na Enter zao mbili.

Walichokiondoa ndicho kilichokuwa sahihi.

Mazoea ya Enter mbili ni urithi wa taipureta. Mashine ile ilijua kusogeza karatasi juu kwa mstari, kwa kawaida mistari 6 kwa kila inchi, basi. Haikujua aya inaanzia wapi wala inaishia wapi. Katibu muhtasi aliyetaka barua isomeke vizuri aliruka mstari mmoja, na hakukosea hata kidogo, kwa kuwa karatasi ikishapigwa chapa haibadiliki tena. Hati ya kompyuta hubadilika kila neno linapoongezwa, fonti inapobadilishwa au faili linapofunguliwa kwenye mashine nyingine. Ndiyo maana Word ya kwanza kabisa, iliyotoka mwaka 1983, tayari ilikuwa na mitindo: mwandishi anaeleza mara moja aya ya kawaida iweje na kichwa kiweje, kisha programu inafuata maelezo hayo hati nzima.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho afungue hati yoyote ya Word na kubonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Mwishoni mwa kila aya itatokea alama ya ¶, ambayo waandishi wa hati za mkono wa Ulaya ya kale waliitumia kuonyesha mwanzo wa hoja mpya. Ndani ya Word alama hiyo ndiyo inayobeba tabia za aya: imepangwa upande gani, mistari yake imeachana kiasi gani, juu na chini yake pana nafasi gani. Aliyebonyeza Enter mara mbili ataona alama mbili, moja ikiwa peke yake kwenye mstari. Kwa macho ya msomaji lile ni pengo. Kwa programu ni aya kamili, yenye fonti yake na ukubwa wake, ila haina neno hata moja.

Chukua mkataba wa pango uliochapwa kwenye steshenari, wenye aya 40, kwa Times New Roman ya pointi 12. Mstari mtupu katika fonti hiyo unakula karibu pointi 14, yaani kama milimita 5. Kutenganisha aya kwa pointi 6 kunatosha kabisa kwa jicho. Tofauti ya pointi 8, ikizidishwa kwa aya 40, ni pointi 320. Karatasi ya A4 yenye pambizo za inchi moja juu na chini ina pointi 698 za kuandikia, kwa hiyo mteja analipia karibu nusu ukurasa usio na kitu.

Hasara ya karatasi ni ndogo ukilinganisha na yanayotokea mwishoni mwa mkataba huo. Mchapaji amebonyeza Enter mara 7 ili sehemu ya sahihi ishuke chini ya ukurasa. Mteja anaupeleka mkataba kwa barua pepe, unafunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, mistari inaongezeka kidogo, na sahihi za mpangaji na mwenye nyumba zinahamia ukurasa wa pili zikiwa peke yake, mbali na maneno zinayoyathibitisha. Mwanasheria makini hatakubali karatasi ya namna hiyo. Dawa yake imo ndani ya programu siku zote: kwenye dirisha la mpangilio wa aya kuna chaguo la kuifunga aya na ile inayofuata, zisitenganishwe na mwisho wa ukurasa.

Nafasi ikishakuwa mali ya aya, programu inabaki na maswali yake ya kujibu. Kubwa ni hili: aya ya juu inadai pointi 10 chini yake, kichwa kinachofuata kinadai pointi 18 juu yake. Ziwekwe 28 au 18? Kurasa za wavuti, kwa kanuni za CSS zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, kwa kawaida huchukua iliyo kubwa, na ndogo inamezwa. Programu nyingine hujumlisha. Programu ya kuandikia ya LibreOffice Writer ina chaguo maalumu kwenye mipangilio yake la kufuata namna ya Word, kwa sababu bila hilo hati inayohama kutoka huku kwenda kule hubadilika urefu.

Kanuni ya kubwa kumeza ndogo ndiyo bora. Anayeandika kwamba kichwa kiwe na pointi 18 juu yake anataka kuona 18, haidhuru kimetanguliwa na nini. Na juu ya kichwa pawe na nafasi kubwa kuliko chini yake, kwani kichwa ni cha maneno yanayokifuata. Orodha nazo zina haja yake: vipengele vya orodha moja vikae karibu karibu, kisha nafasi ije orodha inapokwisha. Word ina kisanduku cha kuzuia nafasi kati ya aya za mtindo mmoja, kwa kazi hiyo hiyo.

Hadithi na riwaya ni suala tofauti. Kitabu cha riwaya kwa desturi huingiza ndani mstari wa kwanza wa kila aya na hakiachi nafasi kati ya aya. Nafasi ikionekana, msomaji anaelewa kwamba siku imepita au mandhari imebadilika. Mwandishi anayeacha mpangilio wa Word wa tangu 2007 utawale mswada wake anaipoteza ishara hiyo, kwa kuwa kila aya sasa inaonekana kama mwanzo wa tukio jipya.

Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alilishughulikia jambo la nafasi kati ya aya kwa undani kuliko wengi. Mwaka 1977 aliletewa nakala za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming, akachukizwa na ubovu wa upangaji wake, akaamua kuunda programu yake mwenyewe, TeX. Humo nafasi ya kawaida kati ya aya ni sifuri, lakini imeruhusiwa kutanuka kidogo pale ukurasa unapohitaji kujazwa mpaka chini. Programu za ofisini zingefaidika sana na wazo hilo la nafasi inayonyumbulika.

Wasioona wanaudhiwa zaidi na aya tupu. Programu za kuwasomea skrini, kama NVDA na JAWS, hutangaza kila mstari mtupu wanaoupitia, na ukurasa uliopangwa kwa Enter unageuka mlolongo wa matangazo yasiyo na maana. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za wavuti, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unataka msomaji aweze kuongeza nafasi baada ya aya hadi mara mbili ya ukubwa wa fonti bila kupoteza maudhui. Hilo linawezekana pale tu ambapo nafasi ni kipimo kinachoweza kubadilishwa.

Watengenezaji nao wana deni. Hati mpya ya Google Docs huanza na nafasi sifuri kati ya aya, hivyo inamsukuma mtu kwenye Enter ya pili tangu sentensi zake za kwanza. Programu inayoweza kurekebisha herufi kubwa bila kuombwa inaweza pia kuitambua Enter hiyo na kuibadilisha iwe nafasi halisi ya aya.

Hati ya zamani inasafishika kwa dakika chache. Hifadhi nakala kwanza. Kisha katika Word fungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha, andika ^p^p kwenye kisanduku cha juu na ^p kwenye cha chini, badilisha zote, na urudie mpaka Word iseme haijapata kitu zaidi. Baada ya hapo badilisha mtindo wa aya ya kawaida, uweke pointi 6 chini yake.