Stashahada Kwanza, Shahada Baadaye: Kupanga Masomo ya Uhandisi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi matokeo ya KCSE yanavyowagawa watahiniwa: aliyepata wastani wa C+ na zaidi anaweza kuomba nafasi ya shahada, ilhali aliyepata C- au C huelekezwa kwenye stashahada, yaani diploma, katika vyuo vya kiufundi kama vile Masai TTI kilichoko Kajiado. Sehemu hii inamhusu kijana wa Kitengela, Isinya au Kajiado mjini anayeanza na stashahada ya uhandisi wa umeme, mitambo au ujenzi huku nia yake ikiwa ni kufika chuo kikuu. Kijana huyo hana budi kupanga masomo yake kuanzia mwisho, kwa kuichagua shahada anayoitaka na chuo kinachoifundisha kabla ya kuichagua stashahada yenyewe.

Sababu ya ushauri huo ni namna mfumo wa Kenya ulivyoundwa. Kwa kulinganisha, katika jimbo la California, Marekani, mpango wa elimu ya juu wa mwaka 1960 uligawa majukumu baina ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu, na tangu hapo taasisi hizo zimekuwa zikikubaliana mapema ni somo lipi la chuo cha jamii linalolingana na lipi la chuo kikuu, hivyo kwamba mwanafunzi aliyefuata orodha ya masomo hayo huweza kuingia mwaka wa 3 moja kwa moja. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu iliweka ngazi, ambapo stashahada iko katika kiwango cha 6 na shahada ya kwanza kiwango cha 7. Hata hivyo, kuwepo kwa ngazi si sawa na kuwepo kwa makubaliano ya somo kwa somo, kwa kuwa uamuzi wa kumwingiza mwenye stashahada katika mwaka wa 1 au wa 2 hubaki mikononi mwa chuo kikuu husika.

Uamuzi huo una uzito mkubwa. Shahada ya uhandisi nchini huchukua miaka 5, na stashahada kwa kawaida miaka 3, kwa hiyo anayeanza upya katika mwaka wa 1 hutumia miaka 8 kwa jumla, na anayepokewa katika mwaka wa 2 huokoa mwaka mzima wa karo na kodi ya nyumba. Kwa stashahada zinazotahiniwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, vyuo vikuu vingi hutaka mwombaji awe na daraja la pili, linaloitwa krediti, au la juu zaidi, ambalo ni distinksheni, kumaanisha kwamba aliyeridhika na kupita tu huwa amejifungia mlango mwenyewe. Anayesomea mtaala wa umilisi unaosimamiwa na TVET CDACC, ambao hupima kama mwanafunzi anaweza kuitenda kazi husika, anapaswa kukiuliza chuo kikuu mapema jinsi kinavyoyasoma matokeo ya aina hiyo.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hisabati, na mfano wa mota ya pampu ya kisima, chombo kinachofahamika vyema Kitengela, unatosha kuonyesha kwa nini. Mwanafunzi wa stashahada hufunzwa kuunganisha mota kubwa ya fezi tatu kwa kontakta tatu na taima, ili ianze katika muungano wa nyota kisha ihamie kwenye delta, na akihitimu hufanya kazi hiyo bila kubabaika. Chuo kikuu humtaka athibitishe kwa nini mkondo wa kuanzia hupungua hadi theluthi moja: katika nyota kila koili hupata volti 240 badala ya 415, yaani 415 iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, na kwa kuwa katika delta mkondo wa laini ni mkubwa kuliko wa koili kwa kiasi hicho hicho, migawanyo hiyo miwili ikizidishwa hutoa 3. Mikono inayoijua kazi bila hesabu zinazoieleza hukwama katika muhula wa kwanza wa shahada. Ndiyo maana inafaa mwanafunzi atie bidii maradufu katika kalkulasi, namba changamano na milinganyo ya tofauti tangu mwanzo wa stashahada, badala ya kuyahesabu kuwa masomo ya kupita tu.

Jina la shahada nalo halipaswi kuchaguliwa kichwa kichwa. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inaipa Bodi ya Wahandisi, EBK, mamlaka ya kuwasajili wenye shahada za uhandisi inazozitambua, wakati Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya mwaka 2016 iliunda bodi nyingine, KETRB, inayowasajili wanateknolojia, mafundi sanifu na mafundi stadi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ambacho kilitokana na Kenya Polytechnic na kupandishwa hadhi mwaka 2013, hufundisha shahada za uhandisi na za teknolojia pia, na mwombaji asiyezitofautisha huweza kugundua baada ya miaka mingi kwamba usajili alioutarajia ni wa bodi nyingine.

Hatimaye, mwanafunzi ahifadhi silabasi ya kila somo, nakala za matokeo ya kila hatua, na daftari la mafunzo ya nyanjani lililotiwa sahihi, kwa maana hizo ndizo hati anazoweza kuwasilisha anapoomba masomo aliyokwisha kufanya yatambuliwe. Kajiado ina mahali pazuri pa mafunzo hayo, kuanzia kituo cha umeme cha kilovolti 400 cha Isinya hadi mitambo 60 ya upepo ya Kipeto yenye uwezo wa megawati 100, na daftari linaloeleza kipimo kilichochukuliwa na hesabu iliyofanywa lina thamani kuliko linaloorodhesha siku za kuhudhuria. Sehemu ya tatu itaeleza karo, mikopo ya HELB na jinsi ya kugawanya gharama za miaka hiyo yote.