DVD ya Harusi Inagoma Kwenye Deki? Angalia Mambo Haya 5 Kabla Hujamlaumu Fundi

Harusi imeisha Kahama, video imehaririwa, DVD zimechomwa. Pale steshenari, kwenye kompyuta, picha inaonekana safi kabisa. Mzee anaibeba mpaka nyumbani Nyarugusu, Geita, anaiweka kwenye deki. Inazunguka weee, mwisho inaandika "NO DISC". Hapo ndipo lawama zinapoanza: fundi tapeli, draivu mbovu, hela imeliwa.

Mara nyingi hakuna aliyetapeli na draivu ni nzima. Ni diski na mashine ambazo hazielewani. Angalia mambo haya kwa mpangilio.

1. Soma alama kwenye diski na kwenye draivu

DVD za kuchoma zipo za DVD-R na DVD+R. DVD-R ilitangulia mwaka 1997, DVD+R ikaja 2002. Draivu nyingi za sasa zinakubali zote mbili, lakini deki za zamani mara nyingi huelewana zaidi na DVD-R. Kama hujui mteja ana deki gani, chagua hiyo.

Angalia pia mlango wa draivu. Zipo draivu za zamani zinazosoma DVD lakini zinachoma CD tu. Hiyo hata ukiipa DVD tupu mia, itazitema zote.

2. Je, diski imefungwa?

Ukimaliza kuchoma, programu inatakiwa kuifunga diski, yaani kuandika taarifa za mwisho zinazoiambia deki kuna nini ndani na kinaanzia wapi. Kwenye programu hatua hii huitwa "Finalize" au "Close disc". Ukiiruka, kompyuta iliyochoma inaweza kuisoma diski bila shida, lakini deki ikaona kama haina kitu. Irudishe kwenye kompyuta ileile, uifunge, kisha ujaribu tena.

3. Umechoma faili au umechoma video?

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anachukua faili la MP4 kutoka kwenye simu, analihamishia kwenye DVD, basi. Kompyuta inalicheza. Deki ya kawaida hailijui. Yenyewe inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS yenye video ya mfumo wa MPEG-2. Kwenye programu chagua "DVD Video", usichague "Data".

Chagua pia PAL, ndio mfumo wa TV za Tanzania. Ukichagua NTSC, TV ya chogo inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Na kumbuka DVD ya kawaida ina GB 4.7, ambazo kwa ubora mzuri ni video ya saa 2 hivi. Sherehe ya saa 5 igawe kwenye diski mbili au tatu.

4. Punguza kasi

Diski imeandikwa 16x, foleni ni ndefu, fundi anachoma kwa kasi ya mwisho. Draivu iliyochoka au diski ya bei chee haiwezi mwendo huo, na makosa yanakuwa mengi. Weka 4x au 8x. Utasubiri dakika chache zaidi, lakini hutarudishiwa diski kesho.

5. Umeme na vumbi

Draivu ya nje inayotumia USB ikilia "tik, tik" kisha ikazima, huenda haipati umeme wa kutosha. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na wakati wa kuchoma draivu huhitaji zaidi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, au tumia waya wenye vichwa viwili vya USB. Umeme ukikatika katikati ya kazi, diski hiyo ndo imekwenda.

Vumbi la barabarani na machimboni nalo huziba lenzi. Zima mashine, pulizia hewa taratibu. Usisugue kwa kitambaa.

Jinsi ya kumjua mwenye kosa

Chukua diski halisi ya kiwandani uiweke kwenye deki. Ikigoma hata hiyo, deki ndiyo mgonjwa. Ikicheza, rudi kwenye diski uliyochoma na uijaribu kwenye mashine mbili tofauti. Ikigoma kote, ichome upya kwa diski ya aina nyingine na kasi ndogo.

La mwisho: kama una DVD ya harusi au ya msiba wa mzazi, inakili kwenye flashi leo. Rangi inayobeba picha kwenye diski za kuchoma huharibiwa na jua na joto, na laptopu nyingi mpya hazina draivu kabisa. Draivu ikifa utanunua nyingine. Sauti ya marehemu haiuzwi dukani.