Mtambo Unaozunguka: Jinsi Viwanda vya Kuchapa Magazeti Vinavyofanywa vya Kisasa

Gazeti la kila siku ni bidhaa isiyoweza kuwekwa ghalani. Gunia la mahindi laweza kungoja soko mwezi mzima, lakini gazeti la leo likifika kesho huwa karatasi ya kufungia maandazi. Kwa hiyo kiwanda cha kuchapa magazeti hushindana na saa kila usiku. Katika makala haya tutaeleza jinsi mtambo unaozunguka unavyofanya kazi, na mambo ambayo hapana budi kuyapima kabla ya kununua mtambo mpya.

Kutoka bapa hadi duara

Magazeti ya mwanzo ya Kiswahili, kama vile Msimulizi, lililoanzishwa na wamisionari Zanzibar mwaka 1888, na Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904, hayakuwa ya kila siku. Katika uchapaji wa zama zile herufi za risasi zilipangwa juu ya meza bapa, zikapakwa wino, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Kila nakala ilidai mwendo wa kwenda na kurudi.

Mwendo huo ndio kikwazo. Kitu kizito kinachokwenda mbele na kurudi nyuma lazima kisimamishwe na kuanzishwa tena kila mara, na kila mara nguvu hupotea. Wanafunzi wa vijijini wanaielewa tofauti hii vema: mchi hupanda na kushuka kinuni, lakini jiwe la mashine ya kusagia huzunguka bila kusita. Mtwangaji hodari hawezi kushindana na jiwe linalozunguka.

Mwaka 1814 gazeti la The Times la London lilichapwa kwa mtambo wa mvuke wa Mjerumani Friedrich Koenig, nao ulitoa karatasi 1,100 kwa saa. Hata hivyo herufi zilikuwa bado zimelazwa bapa. Katika miaka ya 1840 Mmarekani Richard Hoe aliziweka herufi zenyewe juu ya silinda inayozunguka. Miaka ya 1860 Mmarekani mwingine, William Bullock, akaondoa kikwazo kilichobaki: badala ya kulisha karatasi moja moja, aliulisha mtambo kwa roli ndefu isiyokatika. Tangu hapo karatasi, wino na chapa vyote vikawa katika mzunguko mmoja.

Maji na mafuta

Mitambo mingi ya magazeti ya leo haitumii tena herufi za risasi. Inatumia bamba jembamba la alumini lililofungwa juu ya silinda. Sehemu zenye maandishi na picha hupokea mafuta; sehemu tupu hupokea maji. Bamba hupitishwa kwanza kwenye maji, kisha kwenye wino wa mafuta. Kwa kuwa maji na mafuta havichangamani, wino hushika pale tu panapotakiwa.

Bamba hilo haligusi karatasi. Huachia chapa juu ya silinda ya pili iliyovikwa mpira, na mpira ndio unaochapa karatasi. Njia hii iligunduliwa kwa bahati mwaka 1904 huko Marekani. Mchapaji Ira Rubel aliona kwamba, karatasi ilipokosa kupita, chapa iliangukia kwenye mpira, na karatasi iliyofuata ikachapwa na mpira huo kwa uwazi zaidi. Mpira ni laini, hivyo hufuata mikwaruzo ya karatasi hafifu ya gazeti.

Kwa picha za rangi, karatasi hupita kwenye silinda za wino wa aina nne: manjano, nyekundu yenye uzambarau, buluu nyepesi na nyeusi. Rangi hizo lazima ziangukiane barabara, na hapo ndipo ugumu ulipo. Chukua silinda yenye mzingo wa mita 0.55, inayotoa nakala moja kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 10 kwa sekunde, karatasi husafiri mita 5.5 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 20 kwa saa, na nakala 36,000 hupatikana kwa saa moja. Karatasi ikivutwa mno hukatika. Ikilegea hukunjamana na rangi hupishana. Mitambo mipya hupima mvuto huo kwa vipimo vya umeme na kuurekebisha papo hapo, kazi ambayo zamani ilitegemea jicho na mkono wa fundi.

Hesabu ya usiku

Faida yake ni nini kwa mwalimu aliyeko Msimbu, wilayani Kisarawe? Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda cha Dar es Salaam kinachapa nakala 36,000, na magari ya mikoani hayana budi kuondoka saa 9 usiku. Mtambo wa zamani unaotoa nakala 9,000 kwa saa utahitaji saa 4. Kwa hiyo kurasa zifungwe saa 5 usiku. Mtambo mpya wa nakala 36,000 utahitaji saa moja tu, na kurasa zaweza kungoja hadi saa 8. Matokeo ya uchaguzi yaliyotangazwa saa 6 usiku yatasomwa Msimbu asubuhi ile ile, si kesho yake.

Lakini tuongeze jambo moja. Kama nakala huhesabiwa na kufungwa kwa mkono, 12,000 kwa saa, kazi itachukua saa 3 hata mtambo ukiwa wa kasi namna gani. Faida ya saa 3 imekuwa saa moja. Msafara huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Kiwanda kinachonunua mtambo na kuacha meza ya kufungia vile vile, au umeme usioaminika, kimenunua kasi ambayo hakitaitumia. Umeme ukikatika karatasi nayo hukatika, na mtambo ukianza tena nakala nyingi hutupwa kabla maji na wino havijapatana.

Upotevu huo ni fedha. Karatasi ya gazeti huwa na uzito wa gramu 45 hivi kwa mita ya mraba. Gazeti dogo la kurasa 24 hufikia karibu gramu 60. Nakala 36,000 ni kilo 2,160 kwa usiku mmoja. Asilimia 5 ikiharibika, kilo 108 zimepotea. Tanzania ilijifunza thamani ya karatasi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati uhaba wa fedha za kigeni ulipoyalazimu magazeti kupunguza kurasa.

Je, bado inafaa?

Jirani zetu wa Nairobi walitoa jibu lao mwaka 2016, Nation Media Group ilipozindua kiwanda kipya katika Barabara ya Mombasa, kilichogharimu takriban shilingi bilioni 2 za Kenya, chenye uwezo uliotajwa wa nakala 86,000 kwa saa. Lakini siku hizi habari hufika kwa simu kabla gari la magazeti halijawashwa. Mtambo mkubwa unaofanya kazi saa moja usiku na kulala saa 23 ni mzigo. Hivyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe kasi, bali: mchana utachapa nini? Wino wa kawaida wa magazeti hukauka kwa kunywewa na karatasi, kwa hiyo mtambo huo waweza kuchapa vitabu vya mazoezi na vijarida vya shule juu ya karatasi isiyong'aa. Karatasi inayong'aa huhitaji tanuri ya kukaushia, nayo ni gharama nyingine.

Walimu wanaweza kuyathibitisha mengi ya haya darasani. Tazameni picha ya gazeti kwa kioo cha kukuzia, mtaona nukta za rangi nne. Tafuteni pembezoni mwa ukurasa alama ndogo za rangi hizo. Zikiwa zimepishana, mvuto wa karatasi haukuwa sawa usiku ule. Kisha pimeni uzito wa gazeti na kukokotoa ni tani ngapi za karatasi kiwanda cha mfano wetu hutumia kwa mwaka.