Je, Wajua? Pomboo Analinda Manowari

Kwanza tuondoe ule uzushi wa pomboo aliyefungwa bomu mgongoni akatumwa kujilipua chini ya meli ya adui. Filamu zimeukuza mno. Kazi ambayo jeshi la wanamaji la Marekani limemfundisha tangu miaka ya 1960, huko San Diego, ni ulinzi wa zamu: atafute, arudi, atoe taarifa.

Manowari ikishatia nanga, mtu mmoja mwenye mtungi wa hewa anaitosha. Desemba 1941, Waitaliano sita waliopanda torpedo tatu za mwendo wa pole walipenya usiku bandari ya Alexandria, Misri, na kutega baruti chini ya manowari za Uingereza. Queen Elizabeth na Valiant zote zilizama hadi kukalia sakafu ya bandari.

Mitambo ya sona, inayosaka kwa mwangwi wa sauti, ipo, ila bandarini hutaabika: maji ni mafupi, pangaboi zinavuma, mwangwi unarudi kutoka kila nguzo ya gati. Hapo ndipo pomboo anapotamba. Milio yake haitoki kooni, bali katika njia ya pua, chini ya tundu la kupumulia. Hupita kwenye bonge la mafuta la paji la uso, ambalo huikusanya kama kurunzi inavyokusanya mwanga. Mwangwi nao huingilia taya la chini, lenye mafuta pia, ukafika sikio la ndani. Akimgundua mpiga mbizi, humrudia mkufunzi wake kwenye boti, huvishwa boya dogo lenye taa puani, kisha humwendea mtu yule kwa nyuma na kumgonga. Boya huchomoka, huibuka juu na kumwekamweka. Pomboo ameshaondoka; wanaobaki na kazi ni askari.

Mwenzake kazini, simba bahari wa California, hana sona. Ana macho makubwa yanayoona gizani na masikio yanayojua sauti imetoka upande gani chini ya maji. Yeye hubeba mdomoni pingu iliyofungwa kamba, akaibana kwenye mguu wa mvamizi, na walio botini wakavuta. Nakiri, kati ya wawili hawa, huyu ndiye ninayemhusudu.

Hawazuii kila kitu. Oktoba 2000, huko Aden, Yemen, meli ya kivita ya Marekani iitwayo Cole ilipigwa na boti ndogo iliyojaa vilipuzi, ikiwa juu ya maji mchana kweupe, na mabaharia 17 wakafa. Hilo si la pomboo.

Kazi nyingine walizofanya wanyama hawa: kulinda ghuba ya Cam Ranh wakati wa Vita vya Vietnam, kusaka mabomu ya majini Umm Qasr, Irak, mwaka 2003, kuopoa silaha za mazoezi zilizozama. Warusi nao wamekuwa na pomboo wao katika bandari ya Sevastopol.

Sipendi kumfungia kizimbani mnyama wa bahari kuu kwa sababu ya ugomvi wa binadamu. Lakini sisi tunaye pomboo huru pale Kizimkazi, Zanzibar, na bado boti za watalii humzingira, injini zikinguruma juu ya sikio lile lile linalompatia chakula. Ukienda, mwambie nahodha azime mashine, na asimkimbize.